Boksi kusogea na kazi kubadilika ni vitu viwili, programu za kulinganisha michoro zituonyeshe

Mhariri, salamu kwako na kwa wasomaji wote. Naomba nafasi nitoe dukuduku ambalo limenikaa rohoni tangu mwaka jana, na najua wengine wataona hili ni la watu wa kompyuta tu, ila naomba mnivumilie maana linagusa hela za watu na linagusa kijana aliyepewa barua ya onyo kwa kosa ambalo naamini kabisa nusu yake lilikuwa la programu.

Kazi yangu ni kuchora michakato. Yaani ofisi inasema mkopo wetu unaanzia dirishani unaishia mteja akipata hela yake, mi nakaa na watu wa dirishani, nakaa na mameneja, nauliza nani anafanya nini na nani anasaini wapi, alafu nachora. Maboksi, mishale, zile alama za umbo la almasi tunazoziita geti ambapo njia inagawanyika ndiyo huku hapana kule, na leni, yaani mistari mirefu inayogawa mchoro kama njia za uwanja wa riadha, kila leni ina mwenyewe, hii ya karani, hii ya meneja wa tawi, hii ya kamati ya mikopo. Lugha ya michoro hii inaitwa BPMN na mchoro wenyewe sio wa kubandika ukutani, unaingizwa kwenye sistimu na sistimu inaufuata kama ulivyo. Mtu akibadilisha mchoro amebadilisha kazi. Ndo maana kila toleo jipya lazima mtu wa pili alipitie kabla halijaenda, na huyo mtu wa pili hakai akakodolea macho karatasi mbili, anafungua programu ya kulinganisha, anaweka la zamani kushoto na jipya kulia, programu inampakia rangi kila kilichobadilika.

Mwaka jana mtu wa pili nilikuwa mimi.

Kijana wetu mmoja, mchapakazi kweli, aliambiwa mchoro wa mikopo unaenda kuonyeshwa kwa wakubwa kwa hiyo aunyooshe. Akaunyoosha. Akapanga maboksi yakae mstari mmoja, akanyoosha mishale iliyokuwa imepindapinda, akabadilisha rangi zikawa za kampuni, akakuza maandishi, kazi ikapendeza kwa kweli. Akasevu akaniletea nipitie. Nikafungua programu ya kulinganisha ikaniandikia mabadiliko 47, na yote 47 yamepakwa rangi moja ya machungwa. Nikaanza kubofya moja moja. La kwanza boksi limesogea. La pili boksi limesogea. La tatu rangi. La nne mshale umenyooka. Nikafika la ishirini na kitu bado ni kusogea tu, na ni saa kumi na nusu jioni watu wanasubiri, nikajiambia huyu kanyoosha mchoro tu hamna kingine, nikapitisha.

Katika yale 47 moja halikuwa la kunyoosha. Boksi la "Idhinisha mkopo", lile la mikopo mikubwa, lilikuwa kwenye leni ya kamati karibu kabisa na mpaka wa juu. Alipokuwa anapanga maboksi likapanda kidogo, kama upana wa kidole kwenye skrini, likavuka mstari likaingia leni ya meneja wa tawi. Kwa jicho ni kusogea kama mengine yote. Kwa sistimu maana yake ni kwamba kuanzia siku ile meneja wa tawi anaidhinisha peke yake mkopo ambao ulitakiwa ukae mezani kwa watu watano. Ikaja kugundulika baada ya wiki tatu mkaguzi wa ndani alipouliza mihtasari ya kamati iko wapi. Kijana akapewa barua ya onyo, mi nikaandika maelezo, na programu mpaka leo tunaitumia ileile.

Mhariri wewe hili unalielewa kuliko wengi. Usiku kabla gazeti halijaenda mtamboni, anayepanga kurasa akisogeza picha ikae safu ya tatu hilo ni jambo moja, na mtu akidondosha neno "si" kwenye sentensi ya habari ya mahakamani hilo ni jambo jingine kabisa, sasa fikiria ukurasa unarudi mezani kwako mabadiliko yote mawili yamezungushiwa wino uleule, hayana maelezo, na yako 47.

Nasema ni kosa la programu na nina sababu, sisemi ili nijitoe. Ukifungua faili la BPMN kwa programu ya kuandikia ya kawaida tu utaona ndani lina sehemu mbili zilizotengana, na limekuwa hivyo tangu toleo la 2.0 lilipotoka Januari 2011, likaja kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2013. Sehemu ya kwanza inasema kitu ni nini, hapa kuna kazi inaitwa hivi, mshale unatoka kwenye kazi hii unaenda kwenye ile, leni hii ina kazi hizi na hizi. Sehemu ya pili inasema kitu kinachorwaje, boksi la kazi ile liko 420 kwa mlalo na 180 kwa wima, upana 100 kimo 80, mshale unapita kwenye nukta hizi na hizi. Boksi likisogea ndani ya leni yake mwenyewe kinachobadilika ni namba za sehemu ya pili basi. Likivuka leni, sehemu ya pili inabadilika na sehemu ya kwanza nayo inabadilika, linatoka kwenye orodha ya leni hii linaingia orodha ya leni ile. Kwa hiyo programu ilikuwa inajua! Taarifa ilikuwa nayo mkononi, imeandikwa sehemu mbili tofauti, ikazichukua zote ikazimwagia rangi moja ya machungwa ikaniambia "limebadilika". Hicho ndo kinaniuma mpaka leo.

Na sio kwamba haiwezekani. Wale wa bpmn.io, wanaotengeneza zana za kuchorea BPMN, wana kidude chao cha bure kabisa cha kulinganisha michoro hii, kila mtu anaruhusiwa kukichukua na kukitumia, na chenyewe kinagawa mabadiliko mafungu manne, vilivyoongezwa, vilivyotolewa, vilivyobadilika, na fungu la peke yake la vilivyosogea au kubadilishwa umbo kwenye mchoro tu. Fungu hilo la nne ndo lingeniokoa mimi. Ningeona arobaini na kitu huku, moja kule, na hilo moja ningelisoma nikiwa na akili zangu zote.

Nadhani shida inaanzia mbali. Programu za kulinganisha zilizaliwa kwenye maandishi, kule maabara za Bell Marekani miaka ya 1970, kina Douglas McIlroy na James Hunt ambao maelezo yao ya programu inayoitwa diff yalitoka 1976, na yenyewe inakwenda mstari kwa mstari, mstari huu umetoka huu umeingia. Kwa maandishi inatosha sana na mpaka leo inafanya kazi. Lakini mchoro hauna mstari wa kwanza na wa pili, una mahali, una ukubwa, una rangi, una kipi kiko karibu na kipi. Ukiuchukua mchoro ukaulinganisha kwa akili ile ya mstari kwa mstari, kila namba iliyogeuka ni badiliko, na namba zinazogeuka kwenye mchoro ni nyingi ajabu.

Chukua kitu kidogo tu. Nina mchoro wenye maboksi 30 yamepangwa kushoto kwenda kulia, naongeza boksi moja katikati, "Hakiki kitambulisho cha NIDA". Ili lipate nafasi yote yaliyo kulia lazima yasogee, na mishale yake inasogea, na leni inarefuka. Mimi nimefanya jambo moja. Programu inaniambia nimefanya 35. Sasa mtu mwenye akili akiona maboksi 15 yamesogea kulia yote kwa kipimo kilekile, pikseli 150 kila moja, si anajua huo ni msukumo mmoja? Kwanini programu isiseme hivyohivyo kwa maneno, "maboksi 15 yamesogezwa pamoja kulia", ikaweka mshale mmoja mkubwa hafifu kuonyesha yalipotoka na yalipoenda, ikaendelea na mengine? Na mshale wa mchoro ambao umepinda kwa sababu boksi lake limesogea usihesabiwe kabisa kama badiliko, huo umefuata tu, kama tela linavyofuata lori.

Kuna jambo lingine ambalo naliona waliotengeneza hawakulifikiria hata kidogo, nalo ni hili la rangi juu ya rangi. Ofisini kwetu boksi la njano maana yake watu wa sheria bado hawajalipitisha, la kijani wameshalipitisha. BPMN yenyewe haijaweka maana ya rangi, inawaachia wanaochora wakubaliane, na sisi tulikubaliana. Sasa mtu kabadilisha boksi kutoka njano kwenda kijani, maana yake anasema sheria wamepitisha. Programu inafanyaje ili kuniambia boksi limebadilika? Inalipaka machungwa! Yaani imefunika kilekile ilichotakiwa kunionyesha. Nikiangalia kushoto naona machungwa, nikiangalia kulia naona machungwa, rangi ya kweli siioni mpaka nizime ulinganishaji, na nikizima sijui tena niangalie wapi. Na programu nyingine nyekundu yake ni "kilichotolewa" wakati kuna timu ambazo nyekundu kwenye mchoro ni "hatari", basi mtu mgeni anaona boksi jekundu hajui kama limefutwa au ni la hatari au vyote.

Mi naona dawa yake wala sio ngumu. Alama ya kuonyesha badiliko isikae juu ya kitu, ikae nje yake, fremu ya vidoti kuzunguka boksi au kialama kidogo pembeni kama kile cha meseji ambazo hujasoma, na ndani ya boksi rangi ibaki ya mwenyewe. Ukiweka mausi juu yake likuandikie kwa Kiswahili au Kiingereza chochote ila kwa sentensi inayoeleweka, "rangi ya ndani, ilikuwa njano sasa kijani", na vimraba viwili vya rangi vikae hapo vionekane kwa macho. Sio kuniandikia namba za rangi zile zenye alama ya reli mbele, nani anazijua kichwani. Maandishi yamekuzwa? Niandikie yalikuwa 10 sasa 12, unionyeshe neno lenyewe kwa saizi zote mbili. Na kile kitufe cha kubadilishana picha, unabonyeza unaona la zamani, unaachia unaona jipya, palepale bila kuhamisha jicho kushoto na kulia, hicho kwa mambo ya kusogea hakina mpinzani, jicho la binadamu likiona kitu kimeruka linakikamata hapohapo.

Sasa wapo watakaosema dawa rahisi ni kuficha tu, mambo ya mwonekano yafichwe mtu asisumbuliwe. Kuficha kunasaidia nakubali. Wahandisi wanaotumia Simulink kuchora mifumo ya kuendesha mitambo na magari, ripoti yao ya kulinganisha ikifunguka inakuwa imeshachuja mabadiliko yasiyogusa utendaji, kama vibloku kuhamishwa mahali, na anayetaka kuyaona anaondoa chujio. Kwa mtu anayetafuta kwanini mtambo umeanza kutetemeka hiyo ni busara kubwa. AutoCAD nayo, programu ya kuchorea ramani za majengo na mashine, tangu toleo la 2019 inalinganisha ramani mbili, inazungushia mawingu palipobadilika, na unaweza kuiambia maandishi au mistari ya kujazia isiyahesabu. Watu wa Git nao, ile programu ya kutunza matoleo ya kazi za waandika programu, wana namna ya kusema puuza nafasi tupu, na tangu 2017 wana namna ya kupaka rangi tofauti maandishi yaliyohamishwa tu ili yasichanganywe na yaliyoandikwa upya. Haya yote nayasifu.

Ila kuficha kimyakimya hapana. Kwenye Python, lugha ya kuandikia programu, ile nafasi tupu mwanzo wa mstari ndo inayosema mstari huu uko ndani ya sharti au nje, ukiiambia programu ipuuze nafasi umejifunga macho mahali ambapo maana imekaa. Na kwenye michoro ni hivyohivyo, kuna vitu vinaonekana ni pambo kumbe ndo kazi yenyewe. Nitoe mifano maana hapa ndo penye utamu wa jambo. Kwenye BPMN kile kiduara kinachobandikwa ukingoni mwa boksi, kwa mfano cha saa kwamba zikipita siku 3 fanya hivi, kikichorwa kwa mistari isiyokatika maana yake muda ukifika kazi ile inakatizwa, kikichorwa kwa vidashi maana yake kazi inaendelea na kinachofuata kinakwenda sambamba. Mstari mzima au vidashi tu! Mtu asiyejua anaona ni staili ya mstari. Kwa mteja ni ombi lake limefutwa au halijafutwa.

Au nenda Stateflow, ndugu yake Simulink, kwenye ule mpangilio wa zamani ambao mchoraji haandiki namba za mfuatano mwenyewe. Kitu kikiwa na mishale kadhaa ya aina moja inayotoka kwake, ipi ikaguliwe kwanza inaamuliwa na imetokea wapi kwenye ukingo, kwa kuzunguka kama mshale wa saa. Yaani ukiukamata mshale ukauvuta kidogo ili mchoro upendeze unaweza ukawa umegeuza nani anaanza. Ndo maana wenyewe wanashauri watu watumie mpangilio wa kuandika namba waziwazi. Sasa programu ya kulinganisha ikiniambia pale "mshale umesogea, ni mwonekano tu", imenidanganya.

Mama zetu hili wanalijua siku nyingi. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Ukienda Kariakoo ukamwambia muuzaji nataka hiihii ila rangi nyingine anakushushia doti tatu nne muundo mmoja rangi mbalimbali, na hakuna atakayesema hizo ni kanga tofauti kwa maana ya ujumbe. Lakini jina likibadilika neno moja, kanga ile ukimpa jirani umemwambia kitu kingine kabisa. Alafu ipo kisutu, yenye nyekundu, nyeupe na nyeusi yake, ile ya maharusi wa pwani, hapo rangi zenyewe ndo ujumbe na huwezi kumpelekea bi harusi ya bluu ukasema si ni rangi tu. Kwa hiyo lini rangi ni pambo na lini rangi ni neno, anayejua ni wenye kanga. Na kwenye michoro anayejua ni timu inayochora, programu haiwezi kubuni. Basi ituulize! Iwe na mahali pa kuandika mara moja, kwetu sisi rangi ya ndani ya boksi ina maana ichukulie kama badiliko la kazi, unene wa mstari hauna maana ichukulie kama pambo, na kanuni za lugha yenyewe kama vile vidashi vya kiduara na kuvuka leni izijue tayari bila kuambiwa maana zimeandikwa kwenye kiwango.

Na kinachofichwa kihesabiwe. Juu ya skrini iandike, badiliko 1 la kazi, 46 ya mwonekano yamekunjwa, bofya kuyafungua. Kimstari hicho kimoja tu. Mkaguzi atajua kuna vitu hajaviona, ataamua mwenyewe avifungue au asivifungue, na akipitisha bila kufungua ripoti iandike kwamba hakufungua.

Nisisahau karatasi, maana watengenezaji wengi wa programu hizi wako mbali sana na ofisi zetu. Huku mabadiliko yanaprintiwa, yanapigwa muhuri, yanasainiwa, yanawekwa kwenye faili, na printa ya ofisi ni nyeusi na nyeupe. Ile ripoti yenye kijani na nyekundu na machungwa ikitoka pale yote ni kijivu, cha kwanza kijivu cha pili kijivu, bosi anasaini kijivu. Tuna mwenzetu pia ambaye nyekundu na kijani haziachanishi vizuri, alizaliwa hivyo, na amekuwa akipitia michoro miaka yote akitegemea kuuliza wenzake. Miongozo ya W3C, shirika linaloweka viwango vya tovuti, ya tangu 2008 ilishasema rangi isiwe njia pekee ya kutoa taarifa. Herufi tu zingetosha, M kwa mwonekano, K kwa kazi, kando ya kila badiliko, zinaonekana kwenye karatasi na kila mtu anazisoma.

Na wanaodhani haya hayawahusu, umewahi kurudishiwa mkataba kwenye Word umejaa vipuli pembeni vinavyosema fonti imefanyiwa hivi, aya imefanyiwa vile, mpaka ile sehemu waliyobadilisha siku 30 kuwa 14 inapotelea katikati? Ni ugonjwa uleule. Pale angalau kwenye menyu ya kuonyesha alama unaweza kuondoa tiki ya fomati ukabaki na maneno, fanyeni hivyo kwanza, soma maneno yote, alafu rudisha tiki uangalie mapambo.

Kwetu sasa hivi tumejiwekea utaratibu, anayenyoosha mchoro anasevu toleo la kunyoosha peke yake bila kugusa kingine, linapitishwa, ndo anafungua jipya la kubadilisha kazi. Unasaidia sana na nawashauri wengine waufuate, ila yule kijana hakukusudia kubadilisha kazi, yeye alikuwa ananyoosha tu, utaratibu huu usingemwokoa. Kilichotakiwa ni programu inayopiga kelele boksi linapovuka leni.

Kwa hiyo ninyi mnaosimamia manunuzi maofisini, muuzaji akija kuwaonyesha programu ya kulinganisha na mifano yake mizuri aliyokuja nayo, msikubali, mpeni mifano yenu. Chukueni mchoro mmoja, sogezeni maboksi yote, badilisheni rangi, alafu kwenye geti moja tu palipoandikwa kiasi > 5000000 muandike kiasi >= 5000000. Ni alama moja, "zaidi ya" imekuwa "zaidi ya au sawa na", ila kwa mteja anayeomba milioni 5 kamili ndo inayoamua kama anaenda kwa kamati au haendi. Mwacheni muuzaji abofye, muone hiyo alama inakaa wapi kwenye orodha. Ikiwa ya 38 kati ya maboksi yaliyosogea mwambieni arudi akaitengeneze. Na walimu wa vyuo mnaofundisha vijana wetu uchambuzi wa mifumo, zoezi hilohilo liwekeni darasani, maana kuchora mnawafundisha vizuri sana, ila kupitia mchoro wa mwenzako naona wengi wanakuja kujifunzia kazini, na kazini mtu anajifunza kwa barua ya onyo.

Najua tuna vijana wengi hapa Dar, Arusha na hata Nairobi wanaotengeneza programu zao wenyewe na wengine mnasoma gazeti hili. Yale mafaili mawili, la kabla na la baada, bado ninayo. Nimeshafuta jina la kampuni na kila kitu cha wateja, yamebaki maboksi na mishale tu, yale 47 yote yamo na lile moja limo. Anayetengeneza programu ya namna hii akitaka kuijaribisha aniombe kupitia kwako Mhariri, nitamtumia siku hiyohiyo na nikipata nafasi nitakuja kukaa naye tuangalie pamoja.

Mchora michakato,
Sinza, Dar es Salaam